Jembe la Kupalilia

Mutheu mjukuu wangu,

Nyumbani hatujambo. Ng'ombe amezaa, na goti la babu yako limetulia, anafika kanisani kwa miguu.

Unasema mkubwa wako kiwandani huko Athi River anataka upitishe nguo mbovu kama nzuri, ama uache kazi. Unaniuliza mtu anajuaje kwamba Mungu atatimiza ahadi yake ya kututunza. Sijui anajuaje. Nitakuambia nilichoona.

Nilikuwa nimeolewa juzi tu. Mvua ilikawia, wazee wakapita nyumba kwa nyumba wakitafuta mbuzi wa kutambikia ithemboni, penye mti wa kuombea mvua. Mama ya babu yako alikataa kutoa wake. "Mimi naomba kwa Kristo," akasema. Wakamwambia mvua ikikosa, kijiji chote kitajua ni nani aliyeizuia.

Tukapanda mbegu zote kwenye udongo mkavu, kama kawaida yetu. Majirani wakaacha kutusalimia. Siku moja nikamkuta mama mkwe uani akitia jembe la kupalilia mpini mpya.

"Mwaitu, mama yangu, utapalilia nini, na hakuna kilichoota?"

"Kunyesha ni kazi ya Mungu," akasema. "Kupalilia ni yangu."

Mvua ilikuja imechelewa, ikanyesha kwetu na kwa waliotoa mbuzi. Mavuno yalikuwa haba kwa wote. Lakini palizi ilipofika, jembe lake lilikuwa tayari.

Chumba chako nimekifagia, na godoro nimelianika.

Susu wako