Nchi ya Barafu Uliyoondoka Nayo: Kumbukumbu ya Mwalimu Saidati Mukamazimpaka

Mwaka umezunguka, Mama, tangu asubuhi ile ya Ijumaa ulipotutoka, na nyumba bado haijakubali. Papa akiwa kwenye cherehani husimama katikati ya mshono, akasikiliza upande wa chumba cha nyuma. Tukimwuliza kuna nini, anasema uzi umekatika. Uzi haujakatika.

Wasiokujua tuwaambie. Wanawake wa Kamembe wanaovuka mpaka wa Rwanda kwenda kuuza Bukavu walikuachia watoto wao asubuhi na kuwachukua jioni. Mwingine angewapa uji na kuwalaza. Wewe uliwatembeza dunia nzima. Papa yetu, fundi Idrisa Hategekimana, alikushonea mapazia makubwa, kila moja nchi yake: la kahawia jangwa, la kijani msitu wa Nyungwe, la buluu bahari, na jeupe nchi ya barafu. Kila nchi ilikuwa na siku yake. Ulitundika pazia kwenye kamba iliyokatisha chumba cha nyuma, ukabandika kwa pini wanyama uliowakata kwenye mabaki ya vitambaa. Pingwini wako walitoka kwenye suti nyeusi za mabwana harusi. Ngamia wako alikuwa na mfuko ubavuni, kwa kuwa zamani alikuwa suruali.

Wewe mwenyewe hukuwahi kuona bahari wala jangwa. Ulifika Kigali, ukarudi ukisema kuna makelele.

Lakini hakuna mtoto aliyeingia nchi ya mnyama bila kubisha hodi. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria yako. Ulijificha nyuma ya pazia, watoto wakabisha, wakangoja. Ulikohoa kidogo, kisha ukaitikia karibu kwa sauti ya mwenye nyumba, awe tembo au papa wa baharini. Simba wako, tuseme ukweli, alikuwa na mafua. Hapo ndipo walipoinua pazia na kuketi nawe, ukawaeleza mnyama huyo anakula nini, anamwogopa nani, analala wapi na watoto wake. Uliwapeleka hata Bugarama kuona korongo kwenye mpunga. Wakasimama kwenye tuta wakabisha hodi, na wakulima wakacheka, mpaka mzee mmoja akawaitikia. Nyumbani Papa alipotaka kumfagia buibui wa dirishani ulimnyang'anya ufagio. Ukamwambia, «Bisha hodi kwanza. Huyu yuko kwake.» Buibui yule yupo mpaka leo, na Papa hamgusi.

Jioni uliwatoa wanyama wote na kuwalaza kwenye katoni yao, pazia ukalikunja na kuliweka sandukuni juu ya mengine. Alhamisi ilikuwa siku ya barafu. Ijumaa alfajiri moyo wako ulisimama.

Mambo yalikwenda haraka, kama desturi yetu ilivyo. Jirani yetu Maman Buhendwa, aliyekuosha, alitoka kuomba sanda. Maduka yalikuwa hayajafunguliwa. Papa akasema nyumba ya fundi haikosi kitambaa, akaingia ndani, akatoka na kile cheupe kilichokuwa juu, kisafi, kipana, kisicho na pini hata moja. Hakukitazama. Sisi pia hatukukitazama, macho yetu yalikuwa kwako.

Aliyekitazama ni Bella. Mjukuu wako huyu, anayekuita Koko, bibi yake, alipoletwa akuage alisimama akaiangalia sanda, kisha akasema polepole, «Koko amevaa inchi ya barafu.» Tulidhani ni maneno ya mtoto tu. Baada ya arobaini, Umurerwa, binti yako, mama yake Bella, alipofungua sanduku atundike mapazia, tulikuta jangwa, msitu na bahari tu. Papa aliketi kwenye sakafu.

Tangu hapo tunaishi na Alhamisi. Siku nyingine Umurerwa hutundika pazia na kuitikia kadiri awezavyo, na watoto humvumilia. Lakini Alhamisi kamba inabaki tupu. Bella husimama mbele yake, hubisha hodi, halafu hutega sikio. Wenzake husimama nyuma yake, na hawakubali kupita chini ya kamba ile. Wanasema kuna baridi. Tuliwacheka, Mama. Halafu mmoja wetu alipita hapo kuchukua ndoo, akarudi akitafuta shuka la kujifunika. Kuna siku sote tumesikia kikohozi kile kidogo kinachokuja kabla ya karibu, kila mtu akadhani ni yeye peke yake aliyekisikia.

Msimu wa mvua ulipoanza Bella alivua sweta lake, akaliacha chini ya kamba na kukataa kulivaa tena. Alisema wewe ndiye unayelihitaji. Aliugua kifua. Ndipo tulipoogopa kweli, maana mtoto alikuwa anakufuata.

Papa alinunua kitambaa kingine cheupe sokoni, akashona pazia jipya. Watu walimshangaa, mfiwa kushona nguo ya rangi ya sanda na kuitundika chumbani. Alhamisi hii iliyopita akalitundika, akabandika pingwini wako, akaingia nyuma yake. Umurerwa alimfuata, akamwuliza kwa kunong'ona kama atajibu. Papa akasema, «Nikimujibu Bella, atamungojea mama yako siku zote. Nikinyamaza, nitakuwa nimemuzika mara ya pili.» Tulimwacha pale. 

Watoto wakaja. Bella akabisha hodi. Tulisikia pumzi ya Papa nyuma ya kitambaa, na sauti haikutoka. Bella akabisha tena, akangoja. Halafu akafanya jambo ambalo hukuwahi kumruhusu mtoto yeyote: aliinua pazia bila kukaribishwa, akaingia. Alipotoa kichwa, alikuwa ameshika mkono wa babu yake, na babu yake alikuwa analia.

Akawaambia wenzake, «Koko haiko huku. Kuko banyama tu. Muingie.»

Wakaingia wote, wakakaa kwenye mkeka, wakaanza kugombania pingwini. Jioni ile Bella alivaa sweta mwenyewe. Tunamshukuru Mungu kwa hilo, na tunakwambia ili upumzike. Ila sisi wakubwa, Mama, bado tumesimama nje ya pazia. Tumeambiwa na mtoto kwamba hupo, na tunangoja uitikie.

Unakumbukwa na mumeo Idrisa Hategekimana. Wanao Umurerwa na Mucyo. Mjukuu wako Bella. Jirani yako Maman Buhendwa. Na watoto wote wa chumba cha nyuma. Ijumaa hii tunakusomea hitima nyumbani, Kamembe. Mola akurehemu na akuweke mahali penye joto. Hatukusahau, wala hatutaki kukusahau.