Tangazo lisilo na maneno

Baba Tumaini, mume wangu,

Nimechoka. Nimetoka kupalilia mahindi, mgongo unauma, lakini nimetaka kuongea nawe kidogo.

Unakumbuka tulivyokuwa tukitengeneza matangazo ya dansi na ya mpira? Wewe herufi, mimi rangi: udongo mwekundu, masizi ya sufuria, bluu ya kufulia. Ulipenda kujaza karatasi yote maneno, nami nikakuambia, "Hili si shamba, Baba Tumaini. Acha watu wapate pa kupita." Ukacheka, ukaniachia kingo nichore mistari ya kikapu, ile inayopanda na kushuka. Tangazo letu likajulikana kwa mistari hiyo hata kwa wasiosoma.

Kisha ukaja ule mkutano wa wakulima wa kahawa, ambao serikali ya wakoloni haikuutaka. Tarishi wa bwana shauri, yule mzungu wa bomani, aliyachana matangazo yote pale sokoni Mpemba. Ulirudi nyumbani na vipande vyake. Nikakuambia, "Safari hii tusiandike kitu." Tukapaka mistari mitupu, nyekundu na nyeusi, na katikati tawi la kahawa lenye matunda.

Tarishi akalitazama. "Hii inasema nini?"

"Haisemi kitu, bwana," nikamjibu. "Pambo tu."

Siku ya soko watu walifurika mkutanoni, hadi wauza chumvi wa Ivuna waliokuwa wakipita njia. Nilikutazama ukisimama mbele yao, nikajisikia fahari, na hofu pia.

Wakakuita bomani, wakakuweka ndani. Uliporudi ulikuwa na kikohozi ambacho dawa zangu hazikukiweza. Mavuno hukuyaona.

Majuzi wanakwaya walikuja. "Mama, tutengenezee tangazo la tamasha letu." Nilitaka kukataa. Mikono ni mizito siku hizi, na kila nikikoroga masizi nasikia kikohozi chako. Lakini nikapaka bluu, nikachora mistari, kisha nikaandika mwenyewe. Herufi zangu zimelala kama mahindi yaliyopigwa na upepo. Tumaini alisema, "Mama, zinasomeka." Basi tukalibandika.

Watu walikuja, baba. Wengine walitoka ng'ambo ya mpaka. Kwaya ilipoanza kuimba nilikaa benchi la nyuma, nikapitiwa na usingizi mzito, wa kwanza tangu tukuzike. Hakuna aliyeniamsha.

Pumzika, nami nipumzike kidogo.

Mkeo,
Mama Tumaini