Mita ya Kuuona Mlio wa Gari

Magomeni, Kilosa
Jumapili, mchana

Mke wangu mpendwa, Mama Tumaini,

Nakusalimu kwa moyo wote. Kabla ya yote niambie, goti lako linaendeleaje na baridi ya huko Mbinga? Na mama, bado anakutangulia kuamka na kuota moto? Mimi ninakula vizuri, ninalala vizuri, na chumba changu cha kupanga kimepakwa chokaa upya.

Juzi Tumaini aliniandikia ujumbe. Anasema siku ile tulipoongea kwenye simu uliniuliza kama unaweza kuja tuishi wote hapa Kilosa, nami nikakujibu, "Hapana, usijisumbue." Anasema tangu siku hiyo hutaki kunitaja. Mama Tumaini, sikukukataa. Sikusikia hata neno moja la swali lako. Nakuomba usome taratibu mpaka mwisho, hata utakapokuta naeleza mambo ya gari. Unanijua, siwezi kufika kwenye neno langu bila kupitia kwenye injini.

Unakumbuka tulivyokuwa tukipanda mlima na mizigo ya kahawa, wewe umekaa kushoto kwangu. Nikichelewa kubadili gia ulikuwa ukigonga dashibodi kwa vidole viwili na kusema, "Baba Tumaini, gari linalia." Nami nilikuwa nikijigamba kwamba nimesikia kabla yako, na kweli nilikuwa nimesikia. Miaka yote niliyofundisha ufundi nilifunika mita kwa gazeti na kuwaambia wanafunzi wasikilize, kwa sababu injini husema yenyewe inapochoka. Hata hapa, kwenye karakana hii iliyonichukua baada ya kustaafu, nimeendelea kufundisha hivyo hivyo.

Miezi michache iliyopita nilikuwa natoka kijiji cha Ulaya na pikapu yetu siku ya soko, nimebeba matenga ya nyanya, na wanawake wawili wamekaa nyuma na mizigo yao. Huku, kama huko kwetu, abiria wa nyuma akitaka usimame anagonga paa. Niliendesha mpaka Kilosa mjini nikidhani safari imekuwa ya utulivu. Nilipofungua mlango, Mama Sauda, muuza nyanya wa Chanzuru, alikuwa ameshashuka na kunisubiri.

"Mwalimu, tumekukosea nini?" akaniuliza. "Tumegonga mpaka viganja vinawaka. Tenga langu limebaki barabarani na wewe unakwenda tu kama umebeba mawe."

"Na hilo gari lako," akadakia mwenzake, "limelia tangu kule bondeni. Au lina gia moja?"

Niliwaambia kwamba upepo ulikuwa mkali. Upepo haukuwapo. Tulirudi kulifuata tenga, na njia nzima Mama Sauda alikaa mbele, kwenye kiti chako, akizungumza, nami nikiitikia kwa kichwa bila kujua anasema nini. Kuanzia siku hiyo sijabeba mtu nyuma.

Nilikwenda kwa daktari. Alinieleza kwamba si nta ya masikio wala si ugonjwa wa kupita. Ni kelele za mashine za kusaga chuma, ambazo nilizizoea ujanani bila kuziba masikio, na zimeharibu mishipa taratibu. Sikio la kushoto ndilo limetangulia, na la kulia linafuata polepole. Sauti za simu ndizo zinazonipotea kwanza. Aliniruhusu kuendesha, lakini kwa kutumia vioo zaidi na bila haraka.

Nilitoka pale nikiwaza gari. Mita ya spidi inaonyesha gari linakwenda kasi gani, lakini haionyeshi injini inahangaika kiasi gani. Gari linaweza kutambaa huku injini inapiga kelele, kama mtu anayepanda mlima na gunia begani. Iko mita nyingine inayohesabu injini inazunguka mara ngapi kwa dakika, na pikapu yetu ilitoka kiwandani bila hiyo. Mahali pake waliweka ile saa kubwa uliyokuwa ukinionyesha kila tulipochelewa misa. Nikasema, kama siwezi tena kuusikia mlio, basi niuone.

Nikanunua kibao kizima cha mita kutoka gari la namna yetu lililokatwa kwa vipuri, nikakipeleka Mikumi kwa Chande. Huyu ni mwanafunzi wangu wa zamani, sasa ni fundi umeme wa magari na ana mvi kunizidi. Alikigeuza mara moja tu.

"Mwalimu, hiki ni cha gari la petroli. Letu ni dizeli."

"Soketi zinaingia," nikamwambia. "Nimejaribu."

"Hata viatu vya mke wangu miguu yangu inaingia," akasema.

Sikukubali. Tukafunga, tukawasha, na mshale ukalala pale pale chini. Ni kosa ambalo ningemshusha nalo alama mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Injini ya petroli huwashwa kwa cheche, na mita yake huhesabu cheche. Dizeli haina cheche. Mita ile ingekaa mpaka leo ikisubiri kitu ambacho hakiji.

Chande alipokuwa akikifungua aliniuliza swali akiwa upande wangu wa kushoto. Baadaye aliniambia kwamba aliliuliza mara tatu. Mwishowe akazunguka akaja kulia kwangu, akasema bila kucheka, "Mwalimu, mita hii ni ya gari au ya masikio?"

Nikamwambia ukweli. Alikuwa mtu wa kwanza kuambiwa, na ninakuomba radhi kwa hilo, maana ulipaswa kuwa wewe.

Akanitafutia kibao cha dizeli. Akavuta waya mmoja mpya kutoka kwenye alteneta, ile inayochaji betri, kwa sababu huzungushwa na injini na mita inaweza kuhesabu mapigo yake. Mshale ulipozidisha, akaurekebisha kwa skrubu ndogo iliyoko nyuma mpaka ukasema kweli. Jambo moja nilimkatalia. Mita ya spidi iliyokuja na kibao hicho ilikuwa na kilomita za mtu mwingine, nami nikamwomba aitoe na kuhamishia humo ile yetu ya zamani. Safari zetu za kahawa zimo humo, na ile ya kumpeleka Tumaini shule, na ile uliyoiendesha mwenyewe nilipovunjika mkono.

Siku ya kujaribu tuliendesha kutoka Mikumi kuja Kilosa, Chande kwenye kiti chako. Mshale ukikaribia elfu mbili na nusu nabadili gia, ukishuka sana narudi chini. Chande alicheka mpaka akashika tumbo. "Ulinitoa darasani kwa kuchungulia chini ya gazeti," alisema karibu na uso wangu ili nisikie, "na leo unachungulia mwenyewe." Gari halikulia hata mara moja. Nilijua kwa macho.

Sasa narudi kwenye simu ile. Nilisikia sauti yako, nikajua ni wewe na kwamba unauliza jambo, kwa sababu sauti ilipanda mwishoni. Nikakisia kwamba unauliza kama naumwa. Ningeweza kusema "Rudia," lakini nilikuwa nimeshasema "Rudia" mara mbili, na niliona haya kusema mara ya tatu. Kwa haya hiyo nikakujibu swali ambalo hukuuliza. Sijawahi kukukataa tangu tulipooana, na sikukusudia kuanza uzeeni.

Kwa hiyo nakujibu swali lenyewe. Njoo. Mahindi yakishavunwa nitakuja kukuchukua kwa pikapu, mchana tu na kwa mwendo wa pole. Mama akipenda kuja naye, kiti cha katikati ni chake. Kama umeghairi, niandikie, nitakuelewa. Usipige simu, andika.

Kesho nitapeleka barua hii Mikumi nimkabidhi kondakta wa basi la Mbinga. Mfikishie mama shikamoo yangu. Msalimie shemeji anayetusaidia palizi, na dada yangu mkubwa mwambie yale maharage yalifika na yameiva vizuri. Mwambie Tumaini kwamba namshukuru kwa kunisema.

Na ukija ukakaa kushoto kwangu, usiutegemee mshale. Ukisikia gari linalia, gonga dashibodi kwa vidole viwili kama zamani. Sitasikia, lakini nitauona mkono wako.

Ni mimi mumeo,
Baba Tumaini