Betri ya Papa Deo Bado Ina Joto

Malton, karibu na Toronto

Dada Tulia mpendwa,

Shikamoo. Mama anaendeleaje na mguu wake? Na mahindi mmeshapukuchua, au shemeji bado anasema kesho? Mimi mwili mzima, ila moyo haujatulia, na sina mwingine wa kumweleza.

Baridi ya Njombe tuliyokuwa tukiilalamikia ilikuwa utani. Bado naishi kwenye lile gari lenye kitanda na jiko, nyuma ya ghala ninapopakia mizigo ya ndege. Kinachonipasha joto ni hita ya dizeli, lakini feni yake inataka umeme wa betri. Na betri hizi za lithiamu, dada, zina maringo: zikipoa chini ya sifuri zinakataa kuchajiwa, hata uchomeke waya kutwa. Lazima uzipashe joto kwanza. Betri ikikataa, feni inazima, na wewe unaganda.

Hayo alinifundisha Papa Deo, mzee Mkongo wa gari la jirani, fundi mstaafu. Betri zetu zilikuwa za aina moja, kwa hiyo simu yangu ilionyesha joto la betri yangu na la kwake, na simu yake vivyo hivyo. Yake ilikaa chini ya kitanda, ikipata joto la chumba. Akaniambia, "Mutoto yangu, ukiona ya kwangu imeshuka zero, ujue moto wangu umezimika. Kuya upige mulango. Na mimi nitaangalia ya kwako." Basi kila nikiamka nilitazama namba yake hata kabla ya kusali.

Mwezi huu alinunua kimkeka cha umeme cha kupasha betri, kinachojiwasha chenyewe baridi ikizidi. Alikitandika chini ya betri, akachomeka waya wa ghalani, akaniita nikione, tukafurahi. Hakuna kati yetu aliyefikiri kwamba tangu hapo namba ile ingeleta habari za betri tu, siyo za Papa.

Wiki iliyopita theluji ilianguka mfululizo. Nilikwenda kazini na kurudi, namba yake inasema nyuzi saba, nami nikaridhika. Mchana mmoja nilikuwa nakwangua theluji mlangoni, nikainua macho. Juu ya gari langu ilikuwa imeyeyuka. Juu ya lake ilikaa nzima, laini, na kwenye ngazi yake hapakuwa na unyayo hata mmoja. Nikatazama simu. Saba.

Niligonga, nikamwita, nikafungua. Madirisha yalikuwa yameganda kwa ndani, na maji kwenye kikombe yamekuwa jiwe. Papa alilala amejifunika hadi kidevuni. Nilipomshika mkono nilijua. Hapo chini ya kitanda kitu kikalia tik, kimkeka kikajiwasha, na baada ya muda nikahisi joto likinipanda miguuni. Joto pekee mle ndani, na halikuwa la mtu. Niliogopa, dada. Nilikimbia hadi kwa mlinzi wa ghala bila koti.

Daktari amesema ni moyo; hita ilizimika baadaye, dizeli ilipokwisha. Binti yake alikuja kutoka Ottawa. Simu ya baba yake ilikuwa bado kwenye chaja. Akaifungua, akatazama, akanigeuzia nione. Kitu cha mwisho alichokuwa akikiangalia Papa ni namba ya betri yangu.

Binti ameniomba nichomoe waya kabla hawajaja kulivuta gari. Nimeshindwa. Ninaandika simu ikiwa pembeni, na bado inasema saba.

Nisalimie mama, umwambie nakula vizuri. Msalimie shemeji, shangazi wa kwaya, na mjomba mwenye mashine ya kusaga. Na yale maua yenye "asubuhi njema" unayonitumia kwenye simu kila siku, dada, asante, lakini usiyatume tena. Piga simu. Hata kama huna la kusema, piga tu, nikusikie ukipumua.

Mdogo wako,
Neema