Mimi na Zuhura Ndani ya Piramidi

Jumapili, 2 Februari

Dawa ya macho ya mdogo wangu Zuhura, asubuhi na jioni. Tone moja kila jicho, kisha namfuta mashavu. Ananishukuru kila mara. Zinanichosha shukrani zake.

Mwanawe Saada amepiga simu kutoka Dar. Tiketi tayari. Alhamisi tunaondoka, siku nne Misri, kundi la watu kumi na wawili na mtembezaji wao. Zuhura ana presha ya macho. Daktari amesema imebaki miezi tu. Hivi sasa anaona kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Mwanawe alipomuuliza anataka kuona nini kabla ya giza, alisema piramidi, zile alizokuwa akizisimulia dada. Na dada ndiye wa kumshika mkono.

Mimi sikuulizwa. Nimefundisha piramidi miaka ishirini na saba kule Ubena, kwa picha moja ya ukutani. Sasa nakwenda kuziona nikiwa fimbo ya kipofu.

Jumatano, 5 Februari

Nimefunga sanduku. Majirani wamekuja kutuaga. Bi Tatu wa nyumba ya pili kasema, "Mwanaidi, una moyo. Ndugu wa siku hizi hawafanyi haya." Nikainamisha kichwa kama mtu mwenye haya.

Niandike ukweli, daftari hili hasomi mtu. Simpendi mdogo wangu. Barua ya posa ya Shomari, fundi injini wa Mbegani, ililetwa hapa nyumbani kwa jina langu. Niliisoma kwa macho yangu. Miezi mitatu baadaye aliyefungishwa naye ndoa ni Zuhura. Baba alisema mambo yamebadilika, basi. Nikaenda kuanza kazi Ubena. Nikaolewa huko na mtu wa ngumi, nikaachika. Yeye kakaa na Shomari miaka thelathini na mbili, mpaka alipomzika. Akarudi nyumba ya baba, macho yakiwa yameanza kufa, nikampokea mimi.

Watu wanaona huruma. Ni chuki. Haijapungua hata kidogo.

Ijumaa, 7 Februari

Kairo. Baridi. Sikuitegemea. Mafua yamenishika, pua inapiga filimbi kila nikivuta pumzi.

Mtembezaji wetu ni Karim, mtu mzima mwenye mvi. Kiswahili alisoma chuo kikuu hapahapa, anakisema kama kitabu. "Tafadhalini, mabibi na mabwana, nifuateni." Wenzetu wa Dar wanacheka. Zuhura hacheki. Anamuuliza kila kitu.

Leo makumbusho. Karim alitangulia na wengine, tukabaki nyuma sisi wawili. Mbele yangu uso wa dhahabu wa mfalme, macho yamepakwa wanja, milia ya buluu kichwani. Nilitaka kupiga magoti. Zuhura akaniuliza, "Kukoje, dada?"

"Sanamu."

"Ya nini?"

"Ya mtu."

Jina la yule mfalme nalijua, baba yake namjua, na kwamba alitawala akiwa mtoto. Ningeweza kumweleza mpaka jioni. Sikumpa hata neno. Nilijisikia vizuri.

Jumamosi, 8 Februari

Giza. Ndilo jina la mahali penyewe. Nimezigusa piramidi. Jiwe moja linanifika kifuani.

Karim alisema anayetaka anaweza kuingia ile kubwa, ila yeye hubaki nje. Zuhura akataka. Njia ni nyembamba, unapanda umeinama, mbao chini, joto, jasho la watu. Nilimvuta kwa mkono hatua kwa hatua. Juu kabisa kuna chumba cha mfalme. Kuta tupu nyeusi. Sanduku la jiwe lisilo na kifuniko. Taa hafifu, kwa macho yake ni giza tupu.

Wenzetu wakapiga picha, wakashuka. Tukabaki wawili.

Nikamwachia mkono.

Sikupanga. Nilirudi hatua tatu, nikaegemea ukuta. Akasubiri kidogo. "Dada." Kisha, "Dada Mwana?" Chumba kile kinakuza sauti, jina langu lilizunguka kuta zote. Akanyoosha mikono. Akaenda upande usio wa mlango, akajigonga kwenye sanduku, akapapasa ukingo wake, mkono ukazama ndani. Hapo akapiga kelele. Akaanza Ayatul Kursi, akakosea katikati, yeye aliyeihifadhi tangu utotoni. Akaanza upya. Nikasikia maji yakidondoka sakafuni. Alikuwa amejikojolea.

Nilimtazama. Niliwaza, sasa umejua kuachwa kulivyo.

Watalii wengine waliposikika wakipanda ndipo nilipomshika. Nikasema nilikuwa nimetoka kidogo kuchungulia njia. Nikamfunga kanga yangu kiunoni.

Akasema ahsante.

Jumapili, 9 Februari

Sakara. Piramidi ya ngazi, kongwe kuliko zote. Zuhura kakataa mkono wangu. Kwa adabu, kasema nipumzike, naumwa. Kashika mkono wa Karim.

Karim anamweleza kila jiwe, hadi kuta za makaburi ya jirani. "Hapa, mama, pamechongwa ng'ombe anayezaa, na mtu anamvuta ndama kwa miguu." Zuhura akauliza ndama anatazama wapi. Karim akarudi ukutani kuangalia. Wakacheka wote wawili. Kundi zima likawazunguka kusikiliza.

Nikarudi kukaa kwenye basi. Nilikuwa na wivu. Kazi ile ilikuwa yangu.

Jumatatu, 10 Februari

Ndege. Hatujasemeshana. Amelala, au anajifanya amelala.

Jumatano, 12 Februari

Nyumbani, Bagamoyo. Asubuhi nilishika chupa ya dawa, Zuhura akaniambia niiweke chini, Saada yuko njiani kumchukua. Atakaa naye Dar. Kwa muda gani, nikauliza. Akasema ni moja kwa moja.

Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Ulikuwa ukutani, dada. Pua yako nilikuwa naisikia."

Nikaiweka chupa chini.

"Ni Shomari?"

Nikasema ndiyo. Nikamwambia yote, barua, jina langu, Ubena. Nilikuwa napiga kelele. Akangoja nimalize.

"Shomari alikukataa," akasema. "Alikuja akakusikiliza barazani unavyowasema watu, akamwambia Baba huyu siwezi kuishi naye. Mji mzima ulishajua kuna posa. Baba akanitoa mimi kufunika aibu yako. Nilikuwa nimechaguliwa kidato cha tano. Nililia siku saba. Nikaapishwa nisikwambie."

Nikamuuliza Baba alipokufa kwa nini hakuniambia. Shomari alipokufa kwa nini hakuniambia.

"Nilikuonea huruma."

Gari la Saada likapiga honi nje. Akasimama, akapapasa mlango mwenyewe, akaupata.

"Sasa sikuonei tena," akasema.

Ijumaa, 14 Februari

Sijala. Nimejaribu kuamini kuwa ni mwongo. Siwezi. Zuhura hajawahi kusema uongo, hata wa kuomba chumvi.

Nakumbuka siku ya posa. Nakumbuka nilivyokuwa nacheka barazani. Nani nilikuwa namsema, sikumbuki.

Jumanne, 18 Februari

Nimepiga simu. Saada kapokea. "Shikamoo, mama mkubwa." Marahaba. Mama anaoga. Jioni nikapiga tena. Mama amelala. Sauti yake haina hasira, maana yake hajaambiwa kitu. Hata hilo Zuhura amenifichia.

Jumamosi, 22 Februari

Upepo mzuri leo. Nimefagia uwanja, nimeanika mchele.

Bi Tatu amekuja kusikiliza habari za Misri. Nimemweleza baridi, ngamia, mawe yanayofika kifuani, uso wa dhahabu na milia yake ya buluu. Nimeeleza vizuri, kama zamani darasani. Alikuwa kimya kabisa anasikiliza.

Akauliza, "Na Zuhura alifurahi?"

Nikasema alifurahi sana Sakara.

Adhana ya alasiri ikalia. Akaondoka, nikaingiza mchele ndani.