Kilo Tatu za Kwenda Dar

Jumatatu, 4 Machi 1996
Nimekimbia Kirumba mpaka Mkuyuni na kurudi. Mfuko wa nailoni ndani ya sweta. Jasho ndoo nzima. Mizani ya kocha: kilo 57. Jumamosi nikizidi 54, nafasi ya mashindano ya taekwondo Dar anapewa Masanja. Masanja! Mchunga ng'ombe wa juzi. Namchukia mpaka anavyofunga mkanda.

Jumanne, 5 Machi
Kocha anasema: punguza ugali, kula samaki na mchicha, maji kunywa. Na tumbo lake lile kama debe! Masanja anaitikia "ndiyo, mwalimu" kama mwanakwaya. Mimi nimekula ndizi moja. Basi.

Alhamisi, 7 Machi
Tangu jana sijanywa maji. Natema mate tu. Kichwa kinagonga. Nimepanda mizani ya sangara pale sokoni Mwaloni, ya tajiri mnunuzi ninayembebea samaki. Kilo 53! Wavuvi wakacheka, "Dogo, ulivyokonda, kiwanda cha samaki hawakupokei." Wivu.
Jioni mazoezini nikamwambia Masanja, "Kaka, rudi kwenu, ndama wanakulilia." Kakaza mkanda, kaendelea na mateke yake. Nilitaka anipige.

Ijumaa, 8 Machi
Mwaloni, 53 tena. Bingwa ni bingwa. Nimejipongeza: wali, maharage, soda mbili.

Jumamosi, 9 Machi
Mizani ya kocha: 56. Nikavua mpaka kaptula. 56. Nikapiga kelele, mizani mbovu hiyo! Akapanda Masanja, ameshiba sato wiki nzima: 53.
Kocha akauliza, "Ulijipima wapi wewe?"
"Mwaloni. Kwa tajiri."
Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mwanza nzima inajua mizani ya mnunuzi hula kilo za mvuvi. Hata mimi najua. Miaka miwili nawacheka wavuvi wakilalamika. Sikufikiri itanila na mimi.
Nimepiga ukuta teke. Mguu umevimba. Nawachukia wote, na tajiri, na kocha, na mimi mwenyewe.

Jumapili, 10 Machi
Masanja kaja nyumbani. Kamwamkia mama, "Shikamoo," kakaa. Ya jana hakuyataja. Anasafiri Alhamisi, anataka mtu wa kumshikia pedi ya kupigia mateke. Wa kimo chake ni mimi tu.
Nilitaka kumfungia mlango. Nimeenda, nachechemea. Anapiga vizuri, mbwa yule. Nikamwonyesha anavyoshusha mkono wa kushoto kabla ya teke. Karekebisha.
Bado namchukia. Kesho tena, saa kumi na mbili asubuhi.