Mwageni Zote Katikati

Dada Koku,

Kasinge, dada. Kwa heshima na huzuni kubwa naitangazia familia yote ya Nshamba kwamba kiti changu cha kazini kimevunjika mguu. Marehemu alinivumilia miaka mingi, na uzito wangu unaujua. Goti la Mama linaendeleaje? Kahawa imeanza kuiva?

Nasikia unawaambia watu sokoni kwamba mashine za mdogo wako ndizo zilizomrudisha Shemeji kutoka ziwani. Hebu kaa nikusimulie.

Kazi yetu huku ugenini ni kukokotoa hali ya hewa, hata ya ziwa letu. Kompyuta moja haiwezi, basi ramani hukatwa vipande na kompyuta nyingi zikagawana. Mgawaji nilikuwa mimi, tena niligawa sawasawa, nikajiona mtu wa haki. Siku ile mawingu yakajikusanya upande wa kisiwa cha Bumbire, na Shemeji alishaniandikia kwamba mchana anapeleka ndizi kisiwani. Kompyuta zenye nchi kavu zikamaliza mapema, zikakaa. Ile yenye ziwa ikabaki inahangaika peke yake, na bila jibu lake hakuna utabiri.

Bosi wangu, mama mmoja mpole, akasimama nyuma yangu.

"Deo, mbona moja inakufa na nyingine zinapumzika?"

"Nimezigawia sawa, mama."

"Sawa kwa nani?"

Hapo nikakumbuka harusi yako. Shangazi aligawa mikungu ya ndizi, mmoja mmoja kwa kila mmenyaji. Waliopata midogo wakamaliza, wakaanza umbea. Aliyepata mkubwa akawa anatoka jasho, wageni wana njaa. Wewe bibi harusi, uliyetakiwa kukaa kimya ndani, ukachungulia ukasema, "Mwageni zote katikati. Anayemaliza achukue nyingine."

Nikafanya hivyohivyo, lakini kwa pupa. Nilikata ziwa vipande vidogo mno, kompyuta zikawa zinashinda njiani kufuata kazi, kama mtu anayekwenda shambani kuleta ndizi moja moja. Nikakata upya, vikubwa kidogo. Zikaenda. Utabiri ukatoka: dhoruba, mchana huohuo. Nikampigia Shemeji. Simu haipatikani.

Msalimie Mama, asilime na hilo goti. Msalimie Shangazi, mgawaji mwenzangu, na binti yako anayeniita mzee kabla ya wakati.

Sasa ukweli, dada, nao usiupeleke sokoni. Utabiri ulitoka Shemeji yuko majini tayari. Hakuna mashine iliyomrudisha. Aliliona wingu kwa macho yake, akageuza boti, akazitupa ndizi zako ziwani ili boti iwe nyepesi. Mimi nilikuwa nimekaa sakafuni na simu mkononi mpaka ulipoandika, "Amefika, ameloa."

Na kiti hakikuvunjwa na uzito wangu. Nilikipiga teke.

Mdogo wako, anayeandika amesimama,
Deo